Mipako ya kauri kwa vipuri vya gari: namba ya kwenye kopo haitoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie kazi ambayo wenye magari wengi wameanza kuifanya wenyewe nyumbani, nayo ni kupaka mipako ya kauri inayostahimili joto kwenye vipuri vinavyopata moto mkali, hasa manifoldi ya ekzosi, yaani mabomba yanayokusanya moshi kutoka silenda za injini, na bomba linaloifuata. Sipingi kazi hiyo kufanywa nyumbani. Mimi ni fundi wa mifumo ya ekzosi, na nimeona vipuri vilivyopakwa na watu wasio mafundi vikidumu kuliko vilivyotoka katika karakana zenye vifaa vyote. Ninachopinga ni namna jambo lenyewe linavyoelezwa. Mnunuzi huoneshwa namba ya joto iliyochapwa kwenye kopo, akaambiwa atikise, apulize na asubiri ikauke, basi. Mambo yanayoamua kama mpako utashika au utabanduka hayamo katika maelezo hayo, wala hayamo yanayoweza kumdhuru anayepaka.

Nianze na namba yenyewe. Makopo mengi ya kupuliza huandikwa kwamba yanastahimili nyuzi joto 650 za Selsiasi, na mengine hutaja zaidi ya 1,000. Gesi inayotoka katika silenda za injini ya petroli iliyobebeshwa mzigo inaweza kufika nyuzi 800 au 900, na katika injini yenye turbo, yaani turbini inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa, ikazidi hapo. Ya dizeli kwa kawaida huwa chini. Chuma cha nje hakifikii joto la gesi iliyomo ndani, kwa sababu hewa ya chini ya boneti hukipoza muda wote, na ndiyo maana mpako wa nyuzi 650 unaweza kutosha kwa manifoldi ya gari la kawaida, lakini usitoshe kwa nyumba ya turbo ambayo chuma chake huwaka hadi kikawa chekundu. Lililo muhimu zaidi ni kwamba namba hiyo inahusu mpako uliokwisha kuokwa na kukaza juu ya chuma kilichoandaliwa ipasavyo. Haihusu kilichopulizwa jana juu ya bomba lililofutwa kwa kitambaa.

Mipako mingi inayouzwa kwa matumizi ya nyumbani huundwa kwa resini ya silikoni iliyochanganywa na chembe za alumini au za kauri. Kwenye joto la kawaida, resini ndiyo inayoshika kila kitu pamoja. Joto likizidi, sehemu za resini zenye kaboni huungua polepole, na kinachobaki ni mtandao wa silika ulioshikamana na zile chembe na kung'ang'ania mikwaruzo ya chuma. Mabadiliko hayo yakitokea kwa utaratibu, mpako huwa mgumu na hudumu miaka. Yakitokea kwa ghafla, au juu ya uso laini wenye mafuta, mtandao huo hauna pa kujishikiza. Hapo ndipo kazi nyingi za nyumbani zinapoharibika, na mwenye gari hulaumu kopo.

Kabla sijafika kwenye maandalizi, nigusie matarajio, maana hapa pana upotoshaji ambao naona hata watu wa fani wanaurudia. Sifa ya kauri kama kinga ya joto ilitoka katika injini za roketi na za ndege. Ndege ya majaribio ya X-15 ya Marekani, iliyoruka kuanzia mwaka 1959 hadi 1968, ilikuwa na injini ya roketi iliyokingwa kwa tabaka la zirkonia, yaani kauri ya oksidi ya zirkoni, na leo mapanga ya turbini za ndege hukingwa kwa madini hayo hayo. Lakini zirkonia huyeyuka katika nyuzi zipatazo 2,700, na mara nyingi hurushwa juu ya chuma kwa mwali wa plazma, yaani gesi iliyochajiwa umeme, wenye joto la zaidi ya nyuzi 10,000, ikalala juu ya tabaka la kwanza la aloi maalumu, hadi unene wa robo ya milimita au zaidi. Hakuna kopo linalofanya kazi hiyo. Tabaka la kupuliza nyumbani huwa na unene wa takribani mikroni 25, yaani sehemu moja ya arobaini ya milimita. Ukipiga hesabu ya upitishaji joto, hata pale ambapo kila mita ya mraba ya chuma inapitisha kilowati 50, tofauti ya joto kati ya upande wa chini na wa juu wa tabaka jembamba hivyo ni nyuzi chache tu. Anayeahidiwa kwamba mpako wa kopo utalizuia joto lisitoke ndani ya bomba anaahidiwa kisichowezekana kwa unene ule.

Hata hivyo mpako unaweza kupunguza joto la chini ya boneti kwa njia nyingine, nayo haisemwi kabisa. Chuma kilichopata moto hupoteza joto kwa kuipasha hewa inayokigusa na pia kwa kunururisha, yaani kulitoa kama mionzi, na mnururisho huongezeka kwa kipeo cha nne cha joto la uso linalohesabiwa kuanzia sifuri halisi, kama walivyoonesha wanafizikia Stefan na Boltzmann katika karne ya 19. Uso uliojaa kutu ukiwa na nyuzi 500 hunururisha takribani kilowati 17 kwa kila mita ya mraba. Uso wa rangi ya fedha wenye chembe nyingi za alumini, kwenye joto lile lile, unaweza kutoa nusu ya kiasi hicho au pungufu. Mpako mweusi, hata uwe wa kauri kiasi gani, hunururisha karibu sawa na kutu. Kwa hiyo mtu anayetaka nyaya, mipira na plastiki za jirani zipate nafuu achague rangi ya fedha, na anayetaka kuzuia kutu tu anaweza kuchukua nyeusi akaridhika. Nimewasikia wauzaji wakisema rangi ni suala la urembo. Si kweli, na kwa kipuri chenye moto namna hii uchaguzi wa rangi una uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye kopo. Ajue tu kwamba joto lisilotoka nje hubaki katika chuma na katika gesi, hivyo bomba lenyewe litakuwa na moto zaidi kidogo kuliko awali, na gasketi zilizochoka zitajitokeza mapema.

Sasa maandalizi, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Manifoldi kuukuu ya chuma cha kusubu, hata ukiisugua kwa asetoni hadi kitambaa cheupe kitoke kikiwa cheupe, bado ina mafuta ndani ya vinyweleo vyake. Ukiitia katika oveni yenye nyuzi 200 hadi 250 kwa muda wa saa moja, utaona madoa ya kahawia yakijitokeza taratibu, hasa kuzunguka matundu ya bolti na katika mikunjo ya kalibu, pamoja na moshi mwembamba wenye harufu ya oili iliyoungua. Hayo madoa ndiyo yangekuja kutokea chini ya mpako na kuubandua siku ya kwanza injini inapopata moto. Kipuri kiachwe kipoe, kioshwe tena, kirudishwe motoni, na kazi hiyo irudiwe hadi yasitokee. Ni kazi ya kuchosha na haina picha ya kuvutia, nadhani ndiyo sababu wengi huiruka.

Kipimo rahisi cha usafi ni maji. Kabla ya kukwaruza, mimina maji safi juu ya chuma kilichooshwa na ukitazame pembeni, mahali penye mwanga wa kutosha. Maji yakitandaa kama utando mmoja usiokatika, mafuta yamekwisha. Yakijikusanya kuwa matone au yakikwepa sehemu fulani, hapo pana mafuta, hata kama jicho halioni kitu. Kisha kipuri kikaushwe kabisa kabla ya hatua inayofuata.

Baada ya usafi ni kuukwaruza uso. Njia bora ni kuupiga kwa chembe za oksidi ya alumini, saizi ya 100 au 120, kwa upepo mkavu wa kompresa, hadi chuma chote kiwe na rangi moja ya kijivu isiyong'aa. Asiye na kifaa hicho atumie msasa mkavu wa namba 80 hadi 120 na apite kila pembe, akijua kwamba pembe zisizofikiwa na mkono ndizo zitakazoanza kubanduka. Brashi ya waya ya kufunga kwenye drili inaondoa kutu, lakini inaacha chuma kimesuguliwa kikang'aa, na juu ya uso unaong'aa mpako hauna pa kushika. Ikitumika, msasa lazima ufuate. Dawa za kugeuza kutu zenye asidi ya fosforiki zisitumike hapa isipokuwa mtengenezaji wa mpako ameruhusu, wala isiwekwe praima ya kawaida au bodi fila chini, kwa sababu vyote hivyo huungua na kuondoka na kilicho juu yake. Tangu hapo kipuri kishikwe kwa glovu safi, kwa kuwa alama ya kidole kimoja ina mafuta na chumvi ya kutosha kuacha doa, na kipakwe siku hiyo hiyo, maana chuma kilichokwaruzwa huanza kushika kutu ndani ya saa chache hewa ikiwa na unyevu.

Kupaka kwenyewe kunahitaji maneno machache. Koti mbili nyepesi, zenye nafasi ya dakika chache kati yake kwa kadiri maelezo ya bidhaa yanavyosema, ni bora kuliko moja nzito. Tamaa ya kuongeza unene ili kinga iongezeke ndiyo inayoharibu. Bomba la chuma kisichoshika kutu lenye urefu wa mita moja hurefuka kwa karibu milimita 10 likipashwa nyuzi 600 zaidi, na mpako hulazimika kulifuata kila injini inapowashwa na kuzimwa. Tabaka jembamba hufuata. Tabaka nene hupasuka. Nyuso za flanji, yaani sehemu bapa za kuunganishia mabomba, zinazokaa gasketi, nyuzi za bolti na tundu la sensa ya oksijeni zizibwe zisipate mpako, na sensa yenyewe iwe imefunguliwa na kuwekwa mbali, kwa sababu mvuke wa silikoni huiharibu kabisa.

Kisha ni kuoka, na hapa ndipo subira inapowaisha wengi. Mpako unaweza kukauka usishike vidole, na bado ukawa laini kiasi cha kuondolewa na tone la petroli. Iko mipako inayokaza yenyewe hewani kwa siku kadhaa, na iko inayodai oveni. Ile ya resini ya silikoni kwa kawaida huokwa kwa ngazi: nusu saa katika nyuzi 120, ipoe nusu saa, nusu saa nyingine katika 200, ipoe tena, halafu nusu saa katika nyuzi zipatazo 315. Oveni za majumbani kwa kawaida hazifiki ngazi hiyo ya mwisho. Anayeokea nyumbani hana budi kuimalizia juu ya gari, kwa kuiwasha injini bila mzigo kwa dakika kama 10, kuiacha ipoe kabisa, kuiwasha tena kwa muda mrefu kidogo, na ndipo aliendeshe gari kwa upole kabla ya kulipeleka mlimani au kwa kasi. Moshi na harufu vitatoka katika hatua hizo, navyo ni vya kawaida, mradi gari liwe nje mahali penye upepo. Anayefunga manifoldi aliyoipaka jioni akaanza safari ndefu alfajiri amechemsha kiyeyushi kilichobaki ndani ya mpako, na atakuta malengelenge.

Mpako ulioharibika unaeleza wenyewe sababu, ikiwa mtu atautazama kabla ya kuukwangua. Ganda lililobanduka likaacha chuma cheupe kinachong'aa chini yake linasema kwamba uso haukukwaruzwa au ulikuwa na mafuta. Malengelenge yanasema kwamba koti zilikuwa nzito au moto ulikuja mapema. Ukikuta unga wa kijivu unaotoka kwa kidole, tena mahali penye moto mkali pekee, basi joto limezidi uwezo wa bidhaa ile, na hapo ndipo pekee ninapokubali kwamba kopo halikufaa. Nyufa nyembamba zilizoenea kama ramani huwa ni za unene. Nimekuwa nikiwaomba wateja waniletee kipuri jinsi kilivyo, bila kukisafisha, kwa sababu hiyo.

Sasa niseme kuhusu hatari, na hapa naomba, Ndugu Mhariri, usinipunguzie maneno. Viyeyushi vya mipako hii na vya kuoshea chuma huwaka upesi mno. Mvuke wa asetoni unaweza kushika moto hata asetoni yenyewe ikiwa na baridi ya nyuzi karibu 20 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni hadi ukute jiko, hita au swichi inayotoa cheche katika chumba cha pili. Kipuri kilichopakwa kisiingizwe kamwe katika oveni ya gesi, na hata ile ya umeme kisiingizwe kabla viyeyushi havijapeperuka vya kutosha. Oveni ikishatumika kwa kazi hii isipikiwe tena chakula, wala isikae jikoni. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke. Inatakiwa ile yenye vichujio vya kaboni kwa ajili ya mvuke wa kemikali, iliyokaa vizuri usoni.

Wanaopiga vipuri kwa mchanga wa kawaida wa mtoni au wa pwani wako katika hatari nyingine, isiyo na harufu wala maumivu ya mwanzo. Mchanga ukivunjika juu ya chuma hutoa vumbi la silika linaloweza kusababisha silikosisi, ugonjwa wa mapafu usiopona. Taasisi ya utafiti wa usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, ilipendekeza tangu mwaka 1974 kwamba vitu vyenye silika zaidi ya asilimia 1 visitumike kwa kazi hiyo. Na gasketi za ekzosi za magari ya zamani zinaweza kuwa na asibesto, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Zisikwanguliwe zikiwa kavu wala zisipulizwe kwa upepo. Dawa ya kusafishia breki yenye klorini nayo isikaribie kipuri kitakachotiwa motoni, kwa sababu mabaki yake yakikutana na joto kali yanaweza kutoa gesi ya fosjini, ambayo ilitumika kama silaha katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Vipo pia vipuri ambavyo ningependa vibaki nje ya kazi ya nyumbani. Rimu za aloi ya alumini hupata uimara wake kiwandani kwa kuokwa katika joto la karibu nyuzi 150 hadi 180. Ukizitia katika oveni ya nyuzi 250 kwa sababu mpako unataka hivyo, unazidhoofisha bila kuacha alama yoyote ya kuonekana, nazo ndizo zinazobeba gari zima. Ndani ya manifoldi iliyo mbele ya turbo pasipakwe chochote kinachoweza kubanduka, maana turbini inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika haivumilii hata ganda dogo. Vichwa vya pistoni ni vivyo hivyo. Kalipa za breki, yaani vishikio vinavyobana pedi kwenye diski, zinaweza kupakwa kwa nje, baada ya kutoa pistoni na mipira yote, lakini uso wa diski unaokutana na pedi usiguswe na mpako wa aina yoyote.

Ombi langu kwa gazeti lako na kwa wauzaji ni dogo na linatekelezeka. Kila mara ukurasa wa magari unapotaja mipako hii, namba ya joto iandikwe pamoja na masharti yake: juu ya chuma kilichokwaruzwa kwa namna gani, kwa unene gani, na baada ya kuokwa katika nyuzi ngapi kwa muda gani. Watengenezaji makini huyachapa yote hayo katika karatasi ya maelezo ya bidhaa, pamoja na orodha ya viyeyushi vilivyomo, na muuzaji ana uwezo wa kuitoa nakala na kumkabidhi mnunuzi pamoja na kopo. Mnunuzi naye, kabla hajatoa pesa, aiombe karatasi hiyo, na ikiwa haipo, alirudishe kopo rafuni.

Wako,
Fundi wa mifumo ya ekzosi